Diski Bado Inazunguka

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo. Sikuiona, niliisikia. Chumba changu kiko chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, na darini linapita bomba nene linaloshusha maji ya paa lote. Likianza kunguruma najua huko juu watu wanakimbilia kufunga madirisha.

Nimeamua kuandika kwa sababu kutwa nzima sina wa kuongea naye, na nikifika nyumbani naongea mno. Mume wangu kasema mwenyewe. Kazi yangu ni kukodolea macho skrini moja. Imejaa namba za vyumba vya ofisi yetu ya ramani, na kila namba ni kompyuta ya mezani ya mtu. Kijani, diski yake nzima. Njano, imeanza kuchoka. Nyekundu, ahamishe kazi zake sasa hivi, asingoje chai. Nikiona njano napiga simu, napanda na diski mpya, nahamisha kazi za mtu, nashuka. Ni kazi nyepesi kama ungekuwa unashukuriwa.

Sishukuriwi. Jengo zima wananiita Mama Tanzia.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Vyumba vyote kijani. Nimekunywa chai iliyopoa.

Jumatatu, 10 Machi

Ghorofa ya pili kumetokea njano. Nikapiga.

"Haloo?"

"Mimi wa chini. Diski ya kompyuta yako..."

"Hee! Nani kakupa namba yangu? Mimi nimekukosea nini?"

Akakata. Nikapanda ngazi mwenyewe. Nilipotokeza tu kwenye korido nikasikia mtu anasema, "Zimeni, anakuja," halafu tiki, tiki, tiki, kompyuta zinazimwa chumba baada ya chumba. Wanaamini mashine ikiwa imezimwa siwezi kuitia mkosi. Nimewaeleza tangu mwaka jana kwamba diski iliyochoka haitaki kuzimwa ovyo, inaweza kukataa kuamka. Ni sawa na kulipigia ngoma jiwe.

Nyumbani, mama mkwe akaniuliza kutoka kitandani kwake kabla hata sijavua viatu, "Leo umeua nani?" Huyu mama miguu ilimgomea zamani, lakini ulimi uko kazini muda wote. Nikameza. Nyumba tunayokaa ni ya ofisi, na chumba chake ndicho pekee chenye mlango mpana wa kupitisha kiti chake cha magurudumu. Siku nikifukuzwa, tunatoka wote, yeye na kitanda chake. Kwa hiyo nameza kazini na nameza nyumbani.

Jumatatu, 17 Machi

Ile kompyuta ya ghorofa ya pili imekufa. Yule bwana alishuka hadi kwangu, wa kwanza kushuka mwezi huu, amevimba.

"Ulipopiga tu simu, ikaanza kusuasua. Leo haiwaki kabisa. Umefurahi?"

"Kaka, imekufa kwa sababu nilikupigia, ama nilikupigia kwa sababu ilikuwa inakufa?"

"Usinichezee maneno," akasema, akaondoka na mchoro wa barabara aliouchora tangu Desemba ukiwa umepotea.

Nilitamani kumcheka, nikashindwa. Nilimwonea huruma sana.

Jumatano, 19 Machi

Kimya. Bomba linanguruma.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimepata siku nzuri, naiandika kwa kirefu nisije nikaisahau.

Njano ilikuwa chumba cha Mchoraji. Ni mwanamke mtu mzima, namwita dada, naye ndiye anayechora Bondeni: kila kiwanja, kila uzio, kila njia ya miguu kati ya nyumba za kule mtoni. Kazi ya miaka miwili. Mto umeanza kula ukingo, watu watahamishwa, na kila mmoja atapewa kiwanja kipya kwa kipimo cha kile alichokuwa nacho. Ambaye hayumo kwenye ramani hana chake.

Nikapiga. Akapokea mara ya kwanza.

"Dada, ni mimi wa chini. Diski yako imeanza kuchoka. Haijafa, lakini..."

"Njoo mwanangu. Nakuja kukufungulia mlango, kitasa kinasumbua."

Nilikaa na simu mkononi kama zuzu. Nilipofika hakuzima chochote. Alisogeza michoro yake ya karatasi, akanivutia kiti, akataka kujua diski inachokaje. Nikamwonyesha. Akasema, "Kumbe inalalamika mapema namna hii, na sisi hatusikii."

Nikaenda stoo. Mtunza stoo akanipa diski mpya ndani ya boksi lake, safi, inang'aa. Tukahamisha Bondeni yote. Kisha nikafanya kama sheria ya hapa inavyotaka: nikaifuta ile diski ya zamani kwa mkono wangu na kuirudisha stoo. Hapa ramani ina asili moja tu. Zamani kulikuwa na nakala mbili za mtaa mmoja, moja ikasahihishwa, nyingine ikasahaulika, na majirani wawili wakaburutana mahakamani kila mmoja na ramani yake yenye mhuri. Tangu hapo, ukionekana na nakala ya pili, unga wako umemwagika.

Mchoraji alinisindikiza hadi kwenye ngazi na kuniambia asante. Nyumbani nilipika huku naimba. Mama mkwe akasema kumbe mauaji yanafurahisha.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua haikati. Mchoraji alishuka chumbani kwangu akiwa na matope hadi magotini. Alikuwa ametoka Bondeni.

"Vigingi vimesombwa," akasema. "Vyote. Nyua zimelala. Nimesimama mahali ambapo najua palikuwa na nyumba mbili na njia katikati, naona maji tu. Kuna mama mmoja alikuwa anajaribu kunionyesha kwa kidole ukuta wake ulipokuwa, kidole chenyewe hakijui pa kutua."

"Lakini vipimo unavyo."

"Vyote viko juu, ndani ya ile kompyuta. Hakuna pengine." Akapangusa uso. "Mungu akuweke. Usingepiga simu ile ningekuwa nalia saa hizi."

Nilijisikia mrefu mpaka jioni.

Jumatatu, 7 Aprili

Mkuu wa idara ameniita. Nilidhani amesikia habari za Bondeni anataka kunipongeza. Ndivyo nilivyo mjinga.

Juu ya meza yake zilikuwa diski nilizozitoa kwenye kompyuta za watu. Mtunza stoo alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma.

"Unazijua hizi?" Mkuu akauliza.

"Nazijua. Zimechoka."

"Zimechoka. Huyu bwana kaziwasha zote. Zote zinazunguka. Zinasoma, zinaandika. Sasa niambie, unawatia watu kiwewe kwa kitu gani?"

Nikaeleza kwamba hiyo ndiyo maana ya tahadhari ya mapema. Nikingoja iache kuzunguka, sitakuwa natahadharisha, nitakuwa nazika. Alinisikiliza, sitamsingizia. Halafu akasema wafanyakazi wamelalamika, mioyo yao inadunda simu zikilia, na kuanzia leo simpigii mtu yeyote wala simgusii mtu kompyuta bila sahihi yake yeye Mkuu kwenye karatasi. "Ukifanya bila sahihi, ulete kitambulisho na funguo za nyumba."

Alisema funguo za nyumba kwa upole kabisa.

Jumanne, 8 Aprili

Njano moja. Nimeandika karatasi, nimeipeleka kwa katibu muhtasi. Mkuu yuko kikaoni.

Alhamisi, 10 Aprili

Ile njano sasa nyekundu. Kikao.

Ijumaa, 11 Aprili

Imezimika. Nilikuwa naitazama. Namba ilipotea kwenye skrini, nami nimekaa, simu iko karibu na kiwiko changu. Juu nikasikia kiti kinaburutwa na mtu anaita, "Jamani! Jamani!" Na mimi nimekaa.

Sijawahi kukichukia chumba hiki kama leo.

Jumatano, 16 Aprili

Karani wa hati amepewa diski mpya na mtunza stoo, na hiyo diski mpya leo imekuwa njano. Mpya! Nikashangaa, nikaichungulia kutoka kwenye skrini yangu. Kila diski hujihesabia yenyewe muda iliofanya kazi tangu itoke kiwandani, na diski ikifutwa na kupumzishwa huweza kurudi kijani kwa muda, lakini hesabu hiyo huwezi kuifuta kwa kitambaa. Hii "mpya" imeshafanya kazi miaka.

Nilitembea hadi stoo, sikukimbia, ingawa miguu ilitaka. Mtunza stoo alikuwa amekaa na kitambaa na kichupa cha spiriti, anasugua diski, taratibu, anaitazama kwenye mwanga. Pembeni amepanga maboksi matupu. Hajawahi kutupa boksi maishani mwake.

"Hizo ni zile nilizotoa mimi?"

"Ndizo," akasema, tena kwa fahari. "Mimi siwezi kuona kitu kinazunguka halafu naambiwa kimekufa. Naisafisha, naijaribu, ikizunguka naitia kwenye boksi. Mkuu mwenyewe kanisifu. Wewe unaangusha, mimi nasimamisha."

"Unawapa watu?"

"Kwani nizile?"

Kwa mwaka mzima nimekuwa nikitoa wagonjwa ghorofa hii, na yeye akiwalaza ghorofa ile. Ndiyo maana kila ninakopiga simu panakufa kitu. Diski ni zilezile, zinanizunguka ndani ya jengo. Nilitaka kumpigia kelele. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayengoja asifiwe, kitambaa mkononi, na nikaona kabisa kwamba hajui. Nilimwambia diski hizo ndizo zinazoua kazi za watu. Akakunja uso, akaendelea kusugua.

Nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka boksi safi, linalong'aa. Bondeni.

Baadaye, siku hiyohiyo

Nimeiangalia namba yake ya kiwandani kwenye daftari langu. Diski ya Mchoraji ilikuwa kwenye chumba cha bwana mmoja wa ghorofa ya tatu. Niliitoa mwenyewe Novemba. Nikamwekea Mchoraji mwenyewe Machi. Nililiamini boksi, sikuangalia hesabu, kwa sababu siku ile nilikuwa nimelewa kwa kuitwa mwanangu.

Bado ni kijani. Kijani mbivu, inaelekea njano.

Alhamisi, 17 Aprili

Njano. Karatasi nimepeleka. Nimeeleza yote, stoo, maboksi, Bondeni. Katibu muhtasi kaniambia Mkuu amesoma mstari wa kwanza akaiweka kando.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemngoja Mkuu mlangoni kwake. Alipotoka nikamwambia kwa mdomo. Akasema, "Mtunza stoo anasema zinazunguka," akapita.

Jumatatu, 21 Aprili

Njano. Nikipanda bila sahihi tunatoka kwenye nyumba mvua hii. Nisipopanda, watu wa Bondeni hawana pa kuonyesha kidole. Nimekaa katikati, napumua hewa ya chumba hiki ambayo nadhani ndiyo ileile ya mwaka jana.

Mchoraji amenipigia kunisalimu tu. Nikamjibu salama. Nimemwambia salama!

Jumanne, 22 Aprili

Jioni nilikuwa namgeuza mama mkwe kitandani, machozi yakaniponyoka yakamwangukia begani. Nikajiandaa kwa ulimi wake. Akauliza, "Nani amekufa safari hii?" halafu akaniona vizuri, akaniambia nikae. Nikamweleza yote, hadi nyumba, hadi mlango mpana.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo kinachokuzuia ni mimi."

"Hapana, mama."

"Usinidanganye, mimi si wa ofisini kwenu. Sikiliza. Kitanda hiki kina miguu minne na mwanangu ana mikono miwili. Kitabebwa. Mlango ukiwa mwembamba watanipitisha kiubavu, sitakuwa wa kwanza." Akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Mimi nakutania kwa sababu kutwa nzima nakungoja wewe urudi uniambie habari. Ulidhani nakuchukia?"

Ndiyo, nilidhani hivyo. Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii nikidhani hivyo.

Alhamisi, 24 Aprili

Asubuhi nilipowasha skrini, chumba cha Mchoraji kilikuwa chekundu.

Sikuandika karatasi. Kwenye droo nilikuwa na diski moja niliyokuja nayo nilipoajiriwa, haijawahi kufunguliwa, nikaichukua nikapanda. Kwenye korido wakaanza: "Zimeni, anakuja." Hapo ndipo roho ilinitoka. Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo: "Mchoraji! Dada! Usizime!" Nikakimbia.

Alikuwa amesimama, kidole kimeshafika kwenye kitufe. Sikumlaumu. Ukisikia jengo zima linazima, na wewe unazima.

"Umenitisha," akasema. "Kuna nini?"

Nikamwambia kila kitu, pamoja na kwamba ni mimi niliyeiweka diski ile mle ndani, na kwamba Jumatatu nilimdanganya.  Akakunja uso, na kwa kweli nilistahili. Kisha akavuta kiti. "Lawama baadaye. Hamisha."

Ilikuwa inahama kwa kusitasita. Mtaa mmoja unapita, mwingine unakwama, diski inakwaruza, kisha unapita. Nje mvua inachapa dirisha, na nilikuwa nimesahau jinsi dirisha lilivyo. Taa zikipepesa kidogo tu tunashikana mikono. Mchoraji alikuwa anaita nyumba kila zinapopita: ya fundi cherehani, ya wale mapacha, ya yule mama wa kidole.

Nyumba za mwisho zilipopita, mlango ukafunguliwa. Mkuu, na nyuma yake mtunza stoo, na nyuma yao korido nzima.

"Sahihi yangu iko wapi?"

"Haipo, Mkuu."

"Nionyeshe kilichoharibika."

Akainama kwenye skrini. Akafungua Bondeni, ikafunguka. Akaisogeza, akaikuza, mistari ikatokea, safi. Akaifunga, akaifungua tena. "Inafanya kazi," akasema, akiwageukia watu. "Inafanya kazi mbele ya macho yenu. Na sasa tuna asili mbili za Bondeni. Futa hiyo nakala."

Mchoraji akasema, "Mkuu, tafadhali, watu wa kule..."

"Futa."

Nikavua kitambulisho, nikakiweka mezani.  "Nitafuta, Mkuu. Kitambulisho hiki hapa, funguo utazipata jioni. Ila kwanza, hiyo diski unayosema ni nzima, izime wewe mwenyewe, halafu uiwashe. Ikiwaka, nafuta unaniona."

"Kuzima kompyuta ndio nini?"

"Kama ni nzima, si kitu."

Watu kwenye korido wakasogea mlangoni. Mkuu akanyoosha mkono, kidole kikatua juu ya kitufe. Mwanzoni alikuwa anatabasamu. Kikakaa pale. Diski ikakwaruza ndani, kidogo tu, kila mtu akaisikia. Alimtazama mtunza stoo, na mtunza stoo, aliyeiwasha mwenyewe, aliyeisafisha kwa spiriti, akatazama chini.

Mkuu akaondoa kidole, akakipangusa kwenye suruali.

"Nina kikao," akasema. Akatoka, na korido ikampisha.

Hakusema nifute, na hakuchukua kitambulisho.

Ijumaa, 25 Aprili

Hili naliandika hapa, na Mchoraji anajua, na basi. Jana baada ya kuhakikisha kwamba nakala ni kamili, tuliizima ile ya zamani wenyewe. Tukaiwasha. Ikawaka vizuri tu.

Tulitazamana. Mchoraji akakaa chini sakafuni na kuanza kucheka, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma, lakini mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho. Angebonyeza, ingewaka, nami ningefuta nakala mpya ya Bondeni. Na wiki ijayo, au mwezi ujao, ile diski ingekufa na Bondeni iliyobaki.

Nimeivunja kwa nyundo. Mtunza stoo alinishikia, amegeuza uso.

Jumatatu, 28 Aprili

Hakuna barua iliyoletwa, ya kufukuzwa wala ya kupongezwa. Mama mkwe amefungasha nguo zake kwenye sanduku, anasema ni tahadhari ya mapema, nisimcheke. Mume wangu anajikwaa kwenye hilo sanduku kila akipita.

Mchana huu, simu ya chumbani kwangu ililia. Huku hupiga Mchoraji tu, na yeye alikuwa amekaa kando yangu anakunywa chai. Wote wawili tukaitazama. Nikapokea.

Nikasikia mtu anafunga mlango kwanza, halafu anakohoa.

"Mimi hapa. Mkuu."

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Eee... ya kwangu ikoje?"

Sikuhitaji kuangalia skrini. "Njano, Mkuu."

"Tangu lini?"

"Tangu katikati ya mwezi."

"Mbona hukunipigia?"

"Ilihitaji sahihi yako."

Nikasikia mvua ya upande wake ikigonga kwenye dirisha lake. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyekaa mbele ya daktari.

"Sasa niambie, mwanangu. Niizime, au niiache?"

"Iache, Mkuu," nikamwambia. "Usiguse kitu. Napanda."